Unene, Ukondefu na Mtoto wa Pili

Katika harusi za Waswahili wa pwani, mama wa bibi arusi hupewa zawadi mbili ambazo majina yake yastahili kuangaliwa: mkaja na ubeleko. Mkaja, kwa asili, ni nguo ambayo mwanamke aliyejifungua hufungwa nayo tumboni na kukazwa, ili tumbo lirudi hali yake. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Basi mkwe atoapo mkaja na ubeleko ni kana kwamba amwambia mama, "Nguo ulizozichakaza kwa kumzaa na kumlea huyu nimwoaye, nakurudishia." Leo zawadi hizo aghalabu hutolewa kwa fedha, lakini majina hayakubadilika, nayo yashuhudia jambo moja: wazee walijua ya kuwa mwili wa mwanamke aliyekwisha kuzaa si ule aliokuwa nao siku ya harusi yake, na ya kuwa mwili huo wahitaji kufungwa, kulishwa na kungojewa.

Ndiyo sababu mzazi hukaa ndani siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji na mchuzi wa kuku wenye pilipili manga, wala hapewi kazi nzito. Atokapo, majirani humtazama. Akiwa amejaa mashavu na ngozi yang'aa, husifiwa kuwa amenawiri. Lakini ikipita miaka mitatu au minne wala hana mimba ya pili, macho yale yale yaliyomsifu hugeuka kuwa macho ya hakimu. Akiwa mnene, husemwa mafuta yamemziba. Akiwa mwembamba, husemwa amekauka. Wala hukumu hiyo si maneno ya barazani tu. Kwa ajili yake wanawake wameletewa wake wenza, wamepewa talaka, wamenyweshwa dawa za kila namna, na mali yao imekwisha kwa waganga. Katika makala hii twakusudia kuipima hukumu hiyo kwa historia: watu wa kale walisema nini juu ya unene na ukondefu wa mama, ni lipi lililothibitika baadaye, na ni wapi mwanamke alipohukumiwa kwa kosa lisilo lake.

I. Maneno yenyewe

Kiswahili kina maneno mengi ya unene, wala hayana maana moja. Kunenepa ni kuongezeka mwili tu. Kunona husemwa hasa juu ya mnyama na nyama yake, na mtu akiambiwa amenona huenda akachukia. Kuwanda ni neno la kale la kupata mwili, ambalo vijana wa leo hawalitumii sana. Kunawiri ni zaidi ya hayo yote: ni mwili wenye siha na uso wenye nuru. Upande wa pili kuna kukonda na kudhoofu. Na aliyekonda mno huitwa gofu la mtu, kama nyumba iliyobaki kuta tupu. Msomaji ataona kwamba lugha haikuyasifu mafuta kwa kuwa ni mafuta. Iliisifu siha, na siha ikaonekana katika mwili uliojaa kwa kiasi.

Tena tuyatazame majina ya watoto. Wa kwanza ni kifungua mimba. Wa mwisho ni kitinda mimba, au mziwanda. Wa kwanza hufungua, wa mwisho hukata. Wale wa katikati hawana jina la namna hiyo, kana kwamba mlango ukishafunguliwa wao watapita wenyewe. Mwanamke asiyezaa kabisa huitwa tasa, na neno mgumba lawaingia hata wanaume. Bali yule aliyezaa mmoja kisha asipate wa pili huelezwa kwa maneno mengi: "Alizaa mmoja, kisha kizazi kikafunga." Watu huona ajabu, maana alikwisha kuonyesha kuwa aweza kuzaa. Kwa hiyo husema bila shaka amejifunga mwenyewe, au amefungwa na adui. Madaktari hawaoni ajabu hiyo. Kwao ugumba umpatao aliyekwisha kuzaa ni jambo la kawaida, lenye sababu zake kama ule wa asiyezaa kamwe.

II. Karagwe mwaka 1861

Tukiondoka pwani kwa njia ya misafara ya zamani tukaenda hata magharibi ya Ziwa Viktoria, twafika Karagwe, ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wa Kagera katika Tanzania. Huko, mwezi wa Novemba 1861, alifika Mwingereza John Hanning Speke, akienda kutafuta chimbuko la mto Nile, akapokewa vema na mfalme Rumanyika. Katika kitabu chake kilichochapwa 1863, Speke aeleza jinsi alivyoona wake wa nyumba ya kifalme wakinyweshwa maziwa daima ili wanenepe. Alimpima shemeji mmoja wa mfalme kwa uzi. Kwa vipimo vya leo, mama huyo alikuwa na urefu wa sentimeta kama 173. Kuuzunguka mkono wake ni sentimeta 58, kifua 132, paja 79. Hakuweza kusimama, alikwenda kwa mikono na magoti. Kando yake aliketi binti yake wa miaka 16, akinywa chungu cha maziwa, na baba yake ameshika fimbo ili asiache kunywa.

Wasomaji wa Ulaya walicheka, lakini jambo hili lina maana yake. Katika nchi ya ng'ombe, mwili wa mke ulikuwa daftari ya mali ya mume. Mke mnene alitangaza kwamba zizi lina maziwa ya kutosha, na kwamba yeye hashiki jembe. Katika Ankole pia wasichana wa wafugaji walinyweshwa maziwa kabla ya kuolewa. Mbali huko Calabar, katika Nigeria, Waefik walikuwa na nyumba ambamo msichana aliwekwa kunenepeshwa kabla ya harusi. Na katika Mauritania desturi ya kuwanywesha wasichana maziwa kwa nguvu haijakoma kabisa hata leo. Mahali pote hapo unene ulikuwa alama ya heshima na ya akiba. Watu wanaoijua njaa hawawezi kuyadharau mafuta, maana mwenye mafuta ana ghala mwilini.

Na tuangalie: yule mama aliyepimwa alikuwa amezaa. Unene wake haukumnyima binti yule. Lakini mtu mmoja si ushahidi wa watu wote, wala Speke hakuja kuchunguza uzazi. Tuwasikilize basi wale waliouchunguza.

III. Wayunani na Ibn Sina

Miaka zaidi ya 2200 kabla ya Speke, waganga wa Kiyunani walikuwa wamekwisha kusema kinyume cha desturi ya Karagwe. Katika kitabu kiitwacho "Hewa, Maji na Mahali", ambacho huhesabiwa pamoja na vitabu vya Hippocrates, mna habari za Wasikithi, wafugaji waliohamahama kaskazini ya Bahari Nyeusi. Mwandishi asema wanawake wao hawazai sana, kwa kuwa ni wanene na hukaa tu katika magari yao. Damu yao ya mwezi ni chache na hukawia, na mafuta huuziba mlango wa kizazi. Kisha aleta ushahidi: vijakazi wao, ambao hufanya kazi na miili yao ni myembamba, hushika mimba mara tu wamwendeapo mwanamume. Na katika mkusanyo wa maneno mafupi ya waganga hao twaona sheria iyo hiyo: mwanamke aliye mnene kupita kiasi asiposhika mimba, hatashika mpaka apungue.

Elimu hii haikufia Uyunani. Ilifasiriwa kwa Kiarabu, na Ibn Sina, aliyeishi tangu 980 hata 1037, aliutaja unene uliopita kiasi katika kitabu chake cha Kanuni kuwa ni kizuizi cha mimba. Kwa njia ya vitabu vya Kiarabu tiba ya Kiyunani ilienea katika nchi zote za Bahari ya Hindi.

Tuwape waganga hao haki yao: waliona sawa, ila walieleza vibaya. Mafuta hayauzibi mlango wa kizazi kama tope lizibavyo mfereji. Tena waliutazama ugonjwa wa shibe, wasiutazame wa njaa. Wahenga wetu wamesema, "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," na katika habari hii methali hiyo ni kweli tupu. Kwa maana elimu ya njaa na uzazi ilikawia sana, nayo ilipatikana kwa bei kubwa.

IV. Njaa yafundisha

Mwezi wa Septemba 1941 majeshi ya Ujerumani yaliuzingira mji wa Leningrad katika Urusi, na mzingo huo haukuondolewa kabisa hata Januari 1944. Watu walikufa kwa njaa kwa mamia ya elfu. Katika hospitali madaktari waliona jambo ambalo katika amani ni nadra: wanawake wengi, vijana kwa wakubwa, hawakuingia tena mwezini, na mwaka 1942 watoto waliozaliwa walikuwa wachache mno. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 jambo kama hilo likatokea magharibi ya Uholanzi. Wajerumani walizuia chakula kisiende mijini. Posho ya mtu ikashuka chini ya kalori 1000 kwa siku, hali mwanamke mzima huhitaji karibu mara mbili ya hizo. Miezi tisa baadaye vizazi vilishuka hata karibu nusu. Nchi ilipookolewa mwezi wa Mei 1945 na mkate ukarudi, mimba nazo zikarudi upesi.

Jambo hili la mwisho ndilo kubwa. Vizazi vile havikuwa vimekufa, vilikuwa vikingoja. Mwanamke wa Rotterdam aliyekosa mimba mwezi wa Februari hakuwa tasa, wala hakurogwa. Mwili wake ulikuwa umepiga hesabu ukaona hauwezi kulisha wawili.

Jinsi mwili upigavyo hesabu hiyo ilianza kuelezwa mwaka 1974. Rose Frisch wa Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na Janet McArthur, walitoa rai kwamba msichana havunji ungo, wala mwanamke hadumu katika hedhi yake, asipokuwa na kiasi fulani cha mafuta mwilini. Wengi walimpinga wakisema mpaka ule haukatiki kwa namba moja kwa watu wote. Lakini mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York walitangaza kuipata jeni ya homoni itokayo katika mafuta yenyewe, ambayo ikaitwa leptini. Homoni hiyo hupeleka habari kwenye ubongo: akiba ipo, au akiba imepungua. Akiba ikipungua mno, ubongo huacha kuamuru vifuko vya mayai, na yai halipevuki.

Wala tusidhani kwamba habari hizi ni za vita vya Ulaya tu. Katika msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, ambako Kiswahili cha Kingwana husemwa, waishi Walese, watu wa jembe. Miaka ya 1980 wataalamu, miongoni mwao Peter Ellison na Nadine Peacock, walikusanya mate ya wanawake wa Kilese wakapima ndani yake homoni ya kizazi. Waliona kwamba katika majira ya njaa kabla ya mavuno, ghala zinapokuwa tupu, wanawake hupungua uzito, na mayai yapevukayo hupungua pamoja nao. Mavuno yakiingia, mimba huongezeka. Na kwa hiyo kuzaliwa kwa watoto wa Walese kuna majira yake. Hakuna mzingo wala jeshi hapo, ila shamba na mvua. Mama wa Kilese aliyekawia mwaka mzima kupata mtoto wa pili, huenda mashitaka yake yalistahili kupelekwa ghalani, si kwake.

V. Ziwa la mama

Hapo ndipo tuwezapo kuzisoma tena desturi zetu za kunyonyesha. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake cha Desturi za Wasuaheli kilichapwa 1903 kwa mkono wa Carl Velten, ametuachia habari za mimba na kuzaa katika pwani ya siku zake. Desturi moja iliyoshikwa kwa nguvu pwani ni ile ya kuogopa kumbemenda mtoto. Wazazi wasipojizuia, mama akashika mimba nyingine hali mtoto yu mchanga na anyonya, mtoto hukonda na kudhoofu, husemwa amebemendwa. Kwa hiyo ilikuwa aibu kubwa mimba kuja kabla mtoto hajalikizwa, yaani hajaachishwa ziwa.

Elimu ya leo haisemi kwamba tendo la wazazi ladhuru mtoto. Lakini yasema kwamba mimba iliyofuata upesi yaweza kumharibia mtoto anyonyaye chakula chake, na kumchosha mama. Tena yasema kwamba ziwa lenyewe hulinda. Mtoto anyonyapo mara nyingi, mchana na usiku, ubongo wa mama huzuia yai lisipevuke. Mwaka 1988 wataalamu waliokutana Bellagio katika Italia walikubaliana kwamba mama anyonyeshaye bila kumpa mtoto chakula kingine, asiyeingia mwezini tangu kujifungua, na mtoto wake hajatimiza miezi sita, analindwa na mimba kwa zaidi ya 98 katika 100. Sharti zote tatu ziwepo pamoja; mojawapo ikikosekana, ulinzi hupungua.

Lakini baada ya miezi hiyo, mbona mmoja hurudi mwezini mapema na mwenzake hukawia mwaka na zaidi, hali wote wanyonyesha? Jibu lilitafutwa kwa Watoba wa Formosa katika Argentina, ambao hunyonyesha sana na hula vya kutosha. Claudia Valeggia na Peter Ellison waliona kwamba mama hao hurudi mwezini baada ya miezi kama 10, ingawa watoto wao hunyonya mara nyingi. Jambo lililotangulia hedhi ni hili: mapato ya mwili yalianza tena kuzidi matumizi. Maana kutoa maziwa ni kazi kubwa ya mwili, kama kazi ya jembe.

Mfano wake ni nyumba yenye ghala. Mwenye nyumba mwenye busara hatazami tu ghala lina magunia mangapi. Hutazama pia kama magunia yaingia au yatoka. Ghala kubwa litokalo nafaka kila siku humtia hofu, na ghala dogo lijazwalo kila siku humpa moyo. Ndivyo mwili wa mama ufanyavyo. Hutazama akiba, hutazama mapato ya siku, hutazama na kazi. Mama mwembamba asiyepungua aweza kushika mimba upesi. Na mama aliye na mwili wa kutosha, lakini anyonyesha, atwanga, ateka maji mbali na hula mabaki ya watu wengine, aweza kukawia. Ile desturi ya arobaini, ya kumlisha mzazi na kumwondolea kazi, ilikuwa ni kumwekea mama akiba katika siku ambazo matumizi yake ni makubwa.

VI. Mafuta yakizidi

Sasa turudi kwa Wasikithi. Mwaka 1935, huko Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal waliandika habari za wanawake saba waliokosa hedhi au walioipata mara chache, ambao vifuko vyao vya mayai vilikuwa vikubwa, vyenye mayai mengi madogo yasiyopevuka. Baadhi yao walikuwa wanene. Tangu hapo imejulikana kwamba mafuta mengi huufanya mwili uhitaji insulini nyingi kuliko desturi. Nayo insulini hiyo huvichochea vifuko vya mayai kutoa homoni za kiume kupita kiasi, na yai halitoki. Basi Wayunani walikosa njia, lakini mwisho wake waliufikia: si mlango wa kizazi uliozibwa, bali amri ya yai iliyovurugika.

Hapa yatupasa kutaja kipimo. Madaktari hugawanya kilo za mtu kwa urefu wake kwa meta, uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke wa meta 1.60 mwenye kilo 64 hupata 25. Chini ya 18.5, ambayo kwake ni kilo kama 47, huhesabiwa amekonda. Tangu 25 uzito umezidi. Tangu 30, yaani kilo kama 77, ni unene wa maradhi. Kipimo hiki kilianza kwa hesabu za Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19. Ni kipimo cha kukadiria, si cha kumhukumia mtu mmoja.

Juu ya mtoto wa pili hasa, Wadenmark wametoa ushahidi mzuri. Katika uchunguzi uliotangazwa 2007, waliwatazama wanawake zaidi ya 2300 waliochukua mimba zaidi ya moja na ambao hawakuwa wamekonda mwanzoni. Kila kilo moja iliyoongezeka kati ya mimba na mimba ilikwenda pamoja na kukawia kwa siku karibu tatu. Siku tatu si kitu. Lakini mama aliyeongezeka kilo 15 amekawia mwezi mmoja na nusu. Msomaji aone pande zote mbili za hesabu hiyo: unene hukawiza, bali kwa wengi haufungi. Na Wasweden, mwaka 2006, baada ya kuchunguza akina mama 151,025 na watoto wao wawili wa kwanza, walionyesha kwamba walioongezeka sana uzito kati ya uzazi huo na huo walipatwa zaidi na hatari katika mimba ya pili, kama vile kisukari cha mimba na shinikizo la damu, hata wengine ambao hawakuhesabiwa kuwa wanene.

Je, kupungua husaidia? Katika mji wa Adelaide, Australia, wanawake 13 wanene wasiopevusha mayai walifundishwa kula na kujizoeza kwa muda wa miezi sita. Habari zao zilitangazwa 1995: walipungua kwa wastani kilo 6.3 tu, na 12 kati yao wakapevusha mayai tena; 11 wakashika mimba. Hawakuwa wembamba, walipungua kidogo, na kidogo hicho kikatosha. Lakini uchunguzi mkubwa wa Uholanzi wa 2016, wenye wanawake 577, ulionyesha kwamba kuwapunguza uzito kwanza kabla ya dawa za uzazi hakukuongeza watoto waliozaliwa, ingawa walioshika mimba pasipo dawa walikuwa wengi zaidi. Basi asiwepo mtu wa kumwambia mama, "Pungua, na mtoto atakuja," kama aahidiye mvua.

VII. Yasiyo ya uzito

Kuna neno la mwisho, ambalo tukilinyamazia tutakuwa tumeongeza hukumu badala ya kuipunguza. Jirani za Karagwe ni Wahaya wa Bukoba, na ng'ambo yao ni Waganda. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 watu hao walizaa wachache, hata serikali ikashtuka. Audrey Richards na Priscilla Reining walifanya uchunguzi huko 1952. Walikuwa na migomba, hawakuwa watu wa njaa. Lililokuwa likiwapunguza hasa ni magonjwa ya zinaa, ambayo huacha kovu katika mirija ipitishayo yai. Hata leo, katika Afrika, sehemu kubwa ya wanawake waliozaa mmoja wakakosa wa pili wamezibwa mirija kwa ugonjwa wa namna hiyo, au kwa maambukizo yaliyoingia baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika. Mwanamke kama huyo akilishwa maziwa ya Karagwe au akifungishwa chakula kama alivyotaka Hippocrates, hatafaidika kitu. Ahitaji daktari.

Na mwanamume je? Wadenmark wale wale waliona kwamba mume na mke wakiwa wanene wote wawili, mimba hukawia zaidi. Mbegu za mwanamume hudhurika kwa unene, kwa tumbako na kwa maradhi. Na kuwa aliwahi kuzaa si hoja, maana miaka imepita juu yake pia. Walakini katika historia yote tuliyoipitia, tangu magari ya Wasikithi hata baraza zetu, hatukusikia habari ya mume kupimwa kwa uzi.

Basi kwa wasomaji wetu ambao hufuatwa na watu kutaka shauri, yaani walimu, wazee na makungwi, twasema hivi. Mama akiwa bado anyonyesha, asihukumiwe. Mwili wake una kazi. Akiwa amekonda, na atazamwe chakula chake na mzigo wake kabla ya kutazamwa kizazi chake. Akiwa ameongezeka sana, kupungua kidogo kidogo kwaweza kumsaidia, nako kutamfaa kwa siha yake hata mtoto asipokuja. Na wote wawili wakikaa pamoja mwaka mzima wakitaka mtoto bila kupata, au miezi sita ikiwa mke amepita miaka 35, waende hospitali, mume na mke pamoja, wala asiachiwe mmoja peke yake. Wazee waliotoa mkaja walimkiri mama kuwa ametumika. Aliyezaa mmoja ametumika naye. Na iwapo wa pili akawia, asikose kupewa heshima ile ile.